Jinsi ninavyohamisha huduma kutoka seva ya nyumbani kwenda VPS

Ninaendesha huduma zangu mwenyewe: mafaili ya familia kwenye Nextcloud, nywila kwenye Vaultwarden, msimbo kwenye Forgejo, na tovuti chache ndogo za watu wanaonitegemea. Kwa muda mrefu zote zilikaa nyumbani, nyingine kwenye Raspberry Pi 4, nyingine kwenye kompyuta ya mezani ya zamani. Seva ya nyumbani ni kitu kizuri na bado ninayo. Lakini huduma ambayo watu wengine wanaihitaji kila siku haifai kutegemea ruta ya sebuleni, laini moja ya intaneti na umeme wa nyumba. Tena kampuni nyingi za intaneti siku hizi huwaweka wateja nyuma ya CGNAT, yaani wateja wengi hutumia anwani moja ya nje: ukiangalia anwani ya nje kwenye ruta yako ukakuta inaanzia kati ya 100.64 na 100.127, ujue hata ufungue poti ngapi, hakuna atakayekufikia kutoka nje.

Wengi wanaotaka kuhama huanza kwa kutafuta namna ya kunakili diski nzima na kuipandisha kwenye VPS, yaani seva ya mtandaoni unayoikodi kwa kampuni. Mimi siungi mkono njia hiyo. Mashine ya nyumbani imejaa vifurushi ulivyojaribu ukaviacha, watumiaji usiowakumbuka, na mipangilio iliyofaa ndani ya ruta yako lakini ni hatari kwenye intaneti ya wazi. Ninachofanya ni kuijenga VPS upya, safi, halafu ninahamisha huduma moja moja. Kinachosafiri ni data na faili za mipangilio tu.

Anza na orodha

Kabla ya kulipia chochote, kaa mbele ya seva ya zamani uandike kila kinachoendeshwa humo. `ss -tulpn` itakuonyesha kila programu inayosikiliza poti. `docker ps` itakuonyesha kontena, yaani programu zilizofungashwa na vyote zinavyohitaji, zinazoendeshwa na Docker. `systemctl list-timers` na `crontab -l`, kwa kila mtumiaji pamoja na root, zitakuonyesha kazi zinazojiendesha zenyewe usiku. Kwa kila huduma andika data yake iko folda gani, inatumia hifadhidata ipi, domeni gani inaelekea kwake, na nani anaitumia. Andika pia toleo la programu. Utalihitaji baadaye kuliko unavyodhani.

Orodha ikishakamilika, futa vile ambavyo havipaswi kuhama. Jellyfin yenye terabaiti za video ibaki nyumbani. Diski ya VPS ni ghali kwa kazi hiyo, na kubadilisha umbizo la video kutazilemea CPU ambazo unashirikiana na wateja wengine. Home Assistant ibaki nyumbani, kwa sababu inazungumza na taa na vihisi vilivyo kwenye mtandao wa ndani. Kuna pia suala la siri. Kampuni inayokukodishia VPS ina uwezo wa kusoma diski yako, na hata ukiisimba kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski, ufunguo unakaa kwenye RAM ambayo ni yake. Vaultwarden naihamisha bila wasiwasi mkubwa kwa sababu yaliyomo husimbwa kwenye simu au kivinjari kabla hayajafika kwenye seva. Nyaraka ambazo sitaki kabisa zisomwe na mtu mwingine sizipeleki.

Vinavyobaki nyumbani bado vinaweza kufikiwa kutoka nje kupitia VPS. Weka WireGuard, programu inayojenga tuneli iliyosimbwa, kati ya mashine mbili hizo, nyumbani ndiko kuanzishe muunganisho, na uandike `PersistentKeepalive = 25` upande wa nyumbani ili njia isifungwe na ruta. Kwa kuwa muunganisho unatoka ndani kwenda nje, CGNAT haizuii. Proksi iliyoko VPS, yaani programu inayopokea maombi na kuyapeleka kwenye huduma husika, itapeleka maombi nyumbani kupitia tuneli hiyo.

Kuchagua VPS

Hapa sikawii. Chukua inayotumia teknolojia ya KVM, inayokupa kerneli (kiini cha mfumo) yako mwenyewe. Zile za OpenVZ hutumia kerneli ya mashine mama, na utakwama siku utakapotaka WireGuard au toleo fulani la Docker. Gigabaiti 4 za RAM zinatosha Nextcloud ya familia, Vaultwarden na Forgejo pamoja. Angalia kiwango cha data unachoruhusiwa kutumia kwa mwezi, angalia kama unapewa IPv6, na chagua kituo kilicho karibu na watumiaji wako, si karibu na bei nzuri tu. Ukishaingia, fungua `top` na utazame namba yenye alama `st`. Ikipanda na kubaki juu, majirani zako kwenye mashine hiyo wanakula muda wa CPU uliotakiwa uwe wako; omba uhamishwe au ondoka mapema.

Jambo moja la kuhakikisha: ukiwa unatoka kwenye Raspberry Pi, `uname -m` huko kwa kawaida itakuambia `aarch64`, na VPS nyingi zitakuambia `x86_64`. Kontena maarufu zina matoleo ya aina zote mbili za prosesa, lakini programu yoyote uliyoijenga mwenyewe kwenye Pi haitafanya kazi huku. Ijenge upya.

Mashine mpya kabla haijabeba kitu

VPS huanza kugongwa mlango na roboti mara tu inapowashwa, kwa hiyo mlango ndio kazi ya kwanza. Tengeneza ufunguo wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, kwa `ssh-keygen -t ed25519`, upeleke kwenye seva, halafu zima kuingia kwa nywila. Hapa kuna mtego ambao nimeona watu wengi wakipita bila kuuona: kwenye baadhi ya mashine za Ubuntu, faili ya `/etc/ssh/sshd_config.d/50-cloud-init.conf` huwasha nywila, na kwa kuwa SSH hufuata thamani ya kwanza inayoikuta, ulichoandika kwenye faili kuu hakisikilizwi. Usiamini faili, iulize seva yenyewe:

`sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication`

Ikijibu `no`, umemaliza. Wakati wote huo usifunge dirisha ulilomo. Fungua la pili, jaribu kuingia kwa ufunguo, ndipo ufunge la kwanza.

Kisha fayawoli. Kwa `ufw` ruhusu SSH, poti 80 na 443, na poti ya WireGuard kama unaitumia, kisha uiwashe. Kama unatumia Docker, usilale ukidhani ufw inakulinda kila mahali. Docker huandika sheria zake yenyewe, na kontena uliyoifungulia poti kwa `8080:80` itafikika kutoka dunia nzima hata kama ufw inasema imefungwa. Nyumbani ruta ilikuwa inakuficha. Hapa hakuna ruta. Andika `127.0.0.1:8080:80` kwa kila kontena, acha proksi peke yake ndiyo isikilize nje. Ukimaliza, kagua poti zilizo wazi kutoka kompyuta nyingine kwa `nmap`, si kutoka ndani ya seva.

Ongeza faili ya swopu (nafasi ya diski inayoisaidia RAM) ya gigabaiti 2 ikiwa RAM ni ndogo, washa masasisho ya usalama yanayojiendesha, na weka saa za eneo. VPS nyingi huja zikiwa kwenye UTC, na kazi ya cron uliyoipanga saa nane usiku itafanyika saa nyingine kabisa.

Gusa DNS mapema

Hii ndiyo hatua inayorahisisha kila kinachofuata, na haichukui muda. DNS ndiyo inayogeuza jina la domeni kuwa anwani ya seva. Nenda kwenye rekodi za domeni yako, tafuta TTL, yaani muda ambao wengine huhifadhi rekodi kabla ya kuiuliza tena. Ikiwa ni sekunde 86400, maana yake kuna watu watakaoendelea kwenda kwenye anwani ya zamani kwa siku nzima baada ya wewe kubadilisha. Ishushe hadi 300 siku moja au mbili kabla ya kuhama. Ni lazima iwe kabla, kwa sababu waliokwisha kuihifadhi rekodi wanafuata TTL ya zamani hadi iishe.

Ukiwa hapo, tazama kama kuna rekodi ya AAAA, inayobeba anwani ya IPv6 kama ile ya A inavyobeba ya IPv4. Mtu anabadilisha rekodi ya A, anajaribu kwa simu yake, kila kitu sawa, kumbe wenye IPv6 wote bado wanaelekea nyumbani. Badilisha zote mbili kwa pamoja, au uifute AAAA kwanza.

Mafaili

Mafaili yanahamishwa kwa rsync, programu inayonakili tofauti tu kati ya mashine mbili, na yanahamishwa mara mbili. Mara ya kwanza huduma ikiwa bado inafanya kazi nyumbani, bila kumsumbua mtu. Mara ya pili huduma ikiwa imesimama, ili kuchukua mabadiliko ya mwisho tu.

Fanya hesabu kwanza. Kasi ya kupandisha kutoka nyumbani huwa ndogo kuliko ya kushusha. Kwa laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 100 zitachukua zaidi ya saa 22. Ndiyo maana mzunguko wa kwanza unaanza mapema, ndani ya tmux, programu inayoacha amri ziendelee, ili usikatike unapofunga kompyuta:

`sudo rsync -aHAX --numeric-ids --partial --info=progress2 /srv/nextcloud/ root@203.0.113.10:/srv/nextcloud/`

Hapa 203.0.113.10 ni mfano wa anwani ya VPS. Amri inatoka nyumbani kwenda nje, kwa hiyo hakuna poti ya kufungua nyumbani. Angalia mkwaju ulio mwishoni mwa njia ya kwanza: ukiwepo, rsync hunakili yaliyomo ndani ya folda, usipokuwepo, hunakili folda yenyewe, na utaishia na `/srv/nextcloud/nextcloud`. Alama ya `--numeric-ids` inahifadhi namba za wamiliki jinsi zilivyo, jambo zuri kwa kontena, lakini kama mtumiaji mwenye namba 1000 nyumbani si yuleyule wa huku, utarekebisha kwa `chown`. Kwa mzunguko wa pili tu, ongeza `--delete`, ili yaliyofutwa nyumbani yafutike na huku. Endesha kwanza na `-n` usome kitakachofutwa.

Hifadhidata

Hapa ndipo penye thamani yako yote, na hapa ndipo ninapoomba utulie. Usinakili folda ya hifadhidata inayofanya kazi. Faili zake zinaandikwa kila wakati. Rsync itachukua kipande kimoja cha sasa na kingine cha dakika iliyopita, na utakachopata si hifadhidata. Inaweza hata kuwaka vizuri, kisha ikaonyesha ubovu wiki kadhaa baadaye, bakapu zako zote zikiwa tayari zimebeba ubovu huohuo.

Hata ukiizima kwanza, kwa PostgreSQL kunakili folda kunahitaji toleo kuu lilelile na aina ileile ya prosesa. Kutoka Pi kwenda x86_64 haikubaliki. Hata kati ya mashine za aina moja, mfumo ukitofautiana, upangaji wa herufi huweza kutofautiana pia: glibc 2.28 (maktaba ya msingi ya Linux) ya mwaka 2018 ilibadilisha mpangilio huo, na faharasa zilizojengwa chini ya mpangilio wa zamani zikawa hazitafutiki sawasawa. Njia salama ni kutoa yaliyomo na kuyaingiza upya:

`pg_dump -Fc -d nextcloud -f nextcloud.dump`

Na upande wa pili, baada ya kumtengeneza mtumiaji na hifadhidata tupu:

`pg_restore --no-owner --role=nextcloud -d nextcloud nextcloud.dump`

Faharasa zinajengwa upya huku, kwa sheria za huku. Ikiwa PostgreSQL imo ndani ya kontena na unaelekeza matokeo kwenye faili, tumia `docker compose exec -T`. Bila hiyo `-T`, terminali inaweza kuharibu data inayopita. Toleo la PostgreSQL kwenye VPS liwe sawa na la nyumbani au jipya zaidi, si la nyuma.

Kwa MariaDB ni `mariadb-dump --single-transaction`, inayochukua hali moja iliyo sawa kwa majedwali ya InnoDB bila kuwazuia watumiaji. Kwa SQLite, ambayo Vaultwarden huitumia isipoambiwa vingine, simamisha kontena uchukue folda nzima ya data, au utumie `.backup` ya sqlite3 ikiwa huwezi kuisimamisha. Nasema folda nzima kwa sababu humo kuna viambatisho, na kuna faili za `rsa_key`. Ukizisahau hizo, kila mtu atatolewa nje na kulazimika kuingia upya.

Kila programu ina siri zake kwenye faili ya mipangilio. `config.php` ya Nextcloud ina `instanceid`, `passwordsalt` na `secret`. `app.ini` ya Forgejo ina funguo zake. Zibebe zilivyo, usiiache programu mpya ijitengenezee nyingine. Na usipandishe toleo wakati wa kuhama. Ikiwa nyumbani una toleo fulani la Nextcloud, weka lilelile huku, hama, hakikisha, ndipo siku nyingine usasishe. Jambo likiharibika ukiwa umefanya yote mawili kwa pamoja, hutajua ni lipi lililoharibu, na Nextcloud haina njia ya kurudi toleo la nyuma.

Jaribu kabla watu hawajafika

Sasa una nakala inayofanya kazi ambayo hakuna anayeijua. Unaweza kuiita kwa jina lake halisi bila kugusa DNS:

`curl --resolve mafaili.example.org:443:203.0.113.10 https://mafaili.example.org/`

Kwa kivinjari, andika mstari wenye anwani hiyo kisha jina hilo kwenye `/etc/hosts` ya kompyuta yako. Cheti cha HTTPS unaweza kukipata mapema kutoka Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo, kwa njia ya DNS-01, ambayo huweka rekodi ya TXT badala ya kusubiri trafiki kwenye poti 80. Au unakili `/etc/letsencrypt` yote kwa rsync ili viungo vya ndani yake visivunjike. Majaribio yafanye kwenye seva ya majaribio ya Let's Encrypt. Ile halisi inatoa vyeti 5 tu kwa wiki kwa seti ileile ya majina, na si vizuri kuvimaliza usiku wa kuhama.

Ingia. Pakia faili, lifute. Fungua picha ya zamani, si ya jana tu. Tuma mabadiliko kwenye Forgejo. Soma logi hata kama kurasa zinafunguka vizuri, kwa sababu makosa ya ruhusa za faili hujificha humo. Ukimaliza, futa huo mstari kwenye `/etc/hosts`.

Saa yenyewe

Waarifu watumiaji, halafu hama kwa mpangilio huu. Nyumbani, zuia uandishi: kwa Nextcloud ni `occ maintenance:mode --on`, kwa nyingine simamisha kontena. Toa hifadhidata mara ya mwisho. Endesha rsync ya pili. Kwenye VPS, futa hifadhidata ya majaribio, ingiza hii mpya, washa huduma, uijaribu kwa `--resolve`. Ndipo ubadilishe DNS, na mwisho uondoe hali ya matengenezo, kwenye VPS peke yake.

Kabla ya mtu wa kwanza kuandika kitu kwenye mashine mpya, kurudi nyuma ni rahisi: unarudisha rekodi na kuwasha ya zamani. Baada ya hapo, kurudi ni kupoteza kazi ya watu. Kwa hiyo chunguza kwa makini kabla ya kufungua, na ya zamani ibaki imesimama ikiwa na data yake. Izuie isijiwashe yenyewe kwa `systemctl disable`, au uondoe `restart: always` kwenye kontena. Umeme ukikatika na kurudi, usije ukawa na seva mbili zinazopokea data.

Nyumbani kuna vitu viwili vinavyoharibu kazi hii kimyakimya. Cha kwanza ni ddclient, au hati yoyote inayosasisha DNS kila anwani ya nyumbani inapobadilika. Usipoizima, siku ruta itakapowashwa upya itarudisha domeni yako nyumbani, nawe umekwisha kusahau habari zake. Cha pili ni DNS ya ndani. Wengi tumeweka kwenye Pi-hole au kwenye ruta kwamba jina fulani liende 192.168 fulani. Rekodi hiyo ikibaki, dunia nzima itaona seva mpya isipokuwa watu wa nyumba yako.

Kama watu wanatumia Git kwa SSH, ufunguo wa seva ukibadilika watapewa onyo kali la kutisha. Hamisha ufunguo wa zamani, au uwape alama ya ufunguo mpya kabla hawajauliza.

Barua pepe sikushauri kuihamisha katika mzunguko huu. Kampuni nyingi za VPS hufunga poti 25 ya kutoka hadi uombe, utahitaji rekodi ya PTR (inayogeuza anwani kuwa jina) inayolingana na jina la seva, pamoja na SPF, DKIM na DMARC, rekodi za kuthibitisha mtumaji, na anwani uliyopewa inaweza kuwa na sifa mbaya iliyoachwa na mpangaji aliyetangulia. Ni kazi ya peke yake.

Mashine ya nyumbani inapata kazi mpya

Usiitupe. Nyumbani sasa ndiko bakapu zinakokwenda, na ni nyumbani kunakozivuta. VPS haisukumi kitu. Tofauti ni kubwa: mtu akivamia VPS hatakuta ufunguo wowote wa kuingilia nyumbani wala wa kufutia bakapu. Snapshoti za kampuni ya VPS ni msaada, lakini zimo kwenye akaunti ileile, na akaunti ikifungwa zinafungwa nayo.

Kwenye VPS, kila usiku toa hifadhidata kwenye `/srv/bakapu`, pamoja na nakala ya mafaili na mipangilio. Kisha mruhusu mtumiaji mmoja asome folda hiyo tu, kwa kuandika hivi mbele ya ufunguo wake ndani ya `authorized_keys`:

`command="rrsync -ro /srv/bakapu",restrict`

Nyumbani, cron ivute kwa rsync, kisha restic au Borg ihifadhi matoleo ya siku tofauti, maana rsync peke yake itanakili hata faili lililoharibika juu ya zima. Funga poti 80 na 443 kwenye ruta, hazina kazi tena, isipokuwa kama bado kuna huduma hujaihamisha. Halafu chukua bakapu ya kwanza iliyofika, uiingize kwenye PostgreSQL tupu nyumbani, na ufungue Nextcloud juu yake. Ikiwaka na picha zikaonekana, rudisha TTL kwenye 3600 na uendelee na huduma inayofuata kwenye orodha.